Kabati la intaneti na kamera nyumbani: anzia ukutani, usianzie dukani

Wasomaji wanaouliza kuhusu kamera za ulinzi hurudia maswali yaleyale. Kamera hujizima usiku na kuamka asubuhi. Umeme ukikatika kila kitu kinalala, na ndio muda mtu aliporuka ukuta. Rekoda imeungua kabla ya mwaka kwisha. Intaneti ni nzuri sebuleni lakini chumbani haifiki. Ukifuatilia, mengi ya matatizo haya hayatoki kwenye kamera wala kwa kampuni ya intaneti. Yanatoka pale nyaya zote zinapokutana: lile rundo la vifaa nyuma ya televisheni, lililochomekwa kwenye ekstensheni moja.

Msimamo wangu ni huu. Kama bajeti ni ndogo, punguza kwenye kamera, usipunguze kwenye kebo, umeme na mahali pa kuweka vifaa. Kamera utaibadilisha kwa nusu saa. Kebo iliyozikwa ukutani utaishi nayo.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu nyumba ya kawaida ya mjini, vyumba vitatu au vinne, faiba imeshafika, na kamera nne hadi nane za waya. Nimeifikiria zaidi pwani ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kwa sababu joto na chumvi ya huko ndivyo vinavyoua vifaa mapema. Wa bara mtafuata hatua zilezile, isipokuwa suala la chumvi.

## "Nina kamera nne tu, kabati la nini?"

Mwizi akishaona kamera, akiingia ndani hutafuta rekoda. Akiondoka nayo ameondoka na ushahidi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni mikono: mtoto anayebonyeza vitufe, mgeni anayechomoa ruta ili achaji simu. Ya tatu ni fundi wa kesho, ambaye si yule wa leo, na atahitaji kuelewa kilichofanyika bila kuanza upya.

Si lazima liwe kabati la chuma la dukani. Seremala anaweza kukutengenezea la mbao lenye kufuli, mradi lina matundu chini na juu ili hewa ipite. La mbao lililozibwa pande zote ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Na kamera za Wi-Fi? Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, zinakutosha. Jua tu kwamba kila moja itahitaji soketi yake karibu, kuta za zege hula mawimbi, na kama picha zinakaa kwenye kadi iliyo ndani ya kamera, anayeing'oa kamera amechukua na picha. Kwa nyumba yako mwenyewe, tumia waya.

Wengine huuliza kwa nini picha zisihifadhiwe zote kwenye intaneti. Kamera moja yenye picha nzuri hutuma karibu megabiti 4 kila sekunde. Nne ni megabiti 16, mchana na usiku, karibu gigabaiti 173 kwa siku. Hakuna kifurushi cha nyumbani cha kupimwa kwa gigabaiti kitakachobeba hilo. Kinachofaa kutumwa nje ni arifa na vipande vifupi vya matukio.

## Mahali pa kulifunga

Tafuta sehemu ya ndani, kavu, inayofungika, ambayo mgeni haioni akiwa sebuleni. Stoo, korido ya vyumba, au chini ya ngazi panafaa. Epuka hapa:

- Juu ya dari. Mafundi hupapenda kwa sababu nyaya zinapita huko, lakini chini ya bati saa nane mchana ni tanuri, na feni ikifa hakuna atakayepanda kuiona.
- Jikoni, kwa ajili ya mvuke na mafuta.
- Ukuta wenye mabomba ya maji ya bafuni.
- Ukuta unaopigwa na jua la alasiri.
- Kibanda cha mlinzi getini. Hapo ndipo mvamizi anapofika kwanza.

Ukuta uwe wa tofali, si wa jipsamu. Kabati lililojaa laweza kufikia kilo 30, na jipsamu haibebi uzito huo miaka. Chini yake paache mita moja na nusu kutoka sakafuni, hasa mnaokaa maeneo ambayo maji huingia ndani wakati wa masika. Mbele paache nafasi ya mlango kufunguka wote na mtu kusimama na tochi.

## Ukubwa

Makabati haya yana upana wa kawaida wa inchi 19, na urefu hupimwa kwa U, ambapo U moja ni karibu sentimita 4.5. Wauzaji watakupa la 6U kwa kuwa ni rahisi kubeba. Chukua la 9U. Tofauti ya bei ni ndogo, na nafasi hiyo utaihitaji kwa hewa hata kama hutaongeza kifaa.

Kina ndicho kinachosahaulika. Pima rekoda yako kwa rula, kisha ongeza sentimita 10 kwa ajili ya plagi na mikunjo ya nyaya nyuma yake. Rekoda ya sentimita 33 haitulii kwenye kabati lenye kina cha ndani cha 35.

## Kebo: hapa usibane fedha

Turudi kwa kamera zinazojizima usiku, kwa sababu hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi ambazo macho hayazioni, na mahitaji yake ya umeme hupanda. Kama umeme huo unapita kwenye kebo mbovu, volti hushuka njiani, kamera hujizima, hujiwasha, hujizima tena. Asubuhi taa zinazimika, mahitaji yanashuka, kamera "inapona". Watu hubadilisha kamera mara mbili kabla ya kushuku kebo.

Kebo mbovu ya siku hizi ni ile ya alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, na hukatika kirahisi ikikunjwa. Boksi lake huandikwa Cat6 kama la shaba, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Namna ya kuijua:

- Kwangua waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ya alumini hung'aa nyeupe.
- Nyanyua boksi. La shaba la mita 305 ni zito waziwazi kuliko la alumini.
- Soma maandishi kwenye ganda. Ukiona CCA, rudisha.
- Bei ikiwa nusu ya maduka mengine, sababu ni hiyo.

Ukishapata kebo nzuri, mpangilio ni huu. Kila kamera na waya wake mmoja kutoka kabatini, bila kiungo katikati. Kila sehemu ya televisheni au meza ya kazi, nyaya mbili. Mmoja wa ziada hadi katikati ya nyumba, kwa ajili ya kisambaza Wi-Fi cha dari baadaye. Hiyo ndiyo dawa ya chumba kisichofikiwa na intaneti. Waya mmoja usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kifaa.

Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi umeme aweke mabomba ya nyaya hizi kabla ya plasta, tofauti na mabomba ya umeme. Zikilazimika kwenda sambamba, paache sentimita 20 hadi 30 kati yake. Zikikutana, zivukane kwa pembe mraba. Wenye uzio wa umeme ukutani, kebo ya kamera isifungwe kwenye nguzo za uzio huo hata kama fundi anasema ni njia fupi.

Mpangilio wa rangi kwenye kichwa cha waya uwe uleule ncha zote mbili. Unaotumika zaidi ni huu, klipu ikiwa chini na nyaya zikielekea mbele, kutoka kushoto:

1. nyeupe-chungwa
2. chungwa
3. nyeupe-kijani
4. bluu
5. nyeupe-bluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Fundi akikuambia rangi hazina maana mradi ncha zifanane, mkatalie. Nyaya hizi zimesokotwa jozi kwa jozi kwa sababu maalumu, na kuzichanganya hupunguza kasi hata kama taa inawaka.

Bandika lebo ncha zote mbili za kila waya siku ileile unapovutwa: GETI, NYUMA, GEREJI, SEBULE 1. Ndani ya kabati acha mita moja na nusu ya ziada kwa kila waya.

Kuhusu faiba, mwombe fundi wa kampuni ya intaneti aifikishe ndani ya kabati, si sebuleni. Mwambie kabla hajaanza kutoboa. Ni uzi wa kioo: usiukunje mduara mdogo kuliko kikombe cha chai, wala usiguse ncha ya kichwa chake. Taa nyekundu ya LOS kwenye modemu ikiwaka baada ya mtu kupanga kabati, uzi umebanwa mahali fulani.

## Swichi ya kamera

Swichi inayopeleka umeme na data kwenye waya mmoja huitwa ya PoE. Nunua iliyoandikwa 802.3af au 802.3at. Hiyo huuliza kwanza kilichochomekwa kabla ya kupeleka umeme. Zile za bei ya chini zisizo na maandishi hayo husukuma umeme moja kwa moja, na siku mtu akichomeka televisheni au kompyuta kwenye tundu hilo anaweza kuiunguza.

Soma pia jumla ya wati. Kamera ya kawaida huhitaji wati 5 hadi 7 usiku. Yenye taa nyeupe au ya kuzunguka huweza kupita 12. Swichi yenye matundu manane na wati 60 haitalisha kamera nane za kuzunguka.

## Umeme

Jumlisha kwanza. Kwa nyumba ya kamera nne hesabu huwa karibu na hii: modemu ya faiba wati 10, ruta 10, swichi yenyewe 6, kamera nne 24, rekoda na diski yake 15. Jumla wati 65.

Kwa kuwa haizimwi kamwe, hiyo ni karibu uniti 47 kwa mwezi. Kwa Tanzania, aliye kwenye daraja la matumizi madogo ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba kabati peke yake litakula zaidi ya nusu. Ni bora kulijua kabla kuliko kuilaumu mita.

Sasa, umeme ukikatika? UPS ndogo ya 650VA ambayo kila duka inayo hubeba betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa wati 65 itashika chini ya saa moja ikiwa mpya, na baada ya miaka miwili ya joto la pwani, dakika chache tu. Inatosha kuvusha ule mkatiko wa kuwaka na kuzima. Usiku wa giza zima haitoshi.

Kwa usiku kucha tumia betri kubwa na inveta:

- Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 50 itakupa karibu saa saba.
- Ya ampea-saa 100, saa 14 hivi.
- Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ihesabu nusu tu, kwa sababu ukiimaliza hadi chini mara kwa mara inakufa.

Inveta iwe ya wimbi laini kama la gridi, na ihamie kwenye betri ndani ya milisekunde 20, la sivyo rekoda itajizima na kuwaka upya kila umeme unapokatika, na diski ndiyo inayoumia. Wenye sola tayari, toeni laini moja ya kabati na iwe ya mwisho kuzimwa, si pamoja na friji.

Betri isikae ndani ya kabati. Kwa betri za asidi, kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, umri hupungua karibu nusu. Iweke chini, kwenye kibao, sehemu yenye hewa.

Kuhusu radi na kuruka kwa volti, sisitiza mambo haya kwa fundi umeme wako:

- Kabati lenyewe liunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba, na waya huo upimwe. Nyumba nyingi zina nondo ya ardhi iliyokauka au iliyokatwa.
- Kabla ya UPS kiwepo kifaa cha kulinda volti, kinachokata umeme ukipanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha.
- Kebo iendayo getini au kwenye nguzo ya chuma iwe na kinga ya radi upande wa nyumba. Kama geti liko mbali, njia bora ni kulipelekea faiba: kioo hakipitishi radi hadi kabatini.

## Joto, chumvi na viumbe

Lengo ni ndani ya kabati lisizidi nyuzi 40. Weka kipimajoto cha bei nafuu humo na ukisome saa tisa alasiri ya Januari, si asubuhi. Hewa ya moto hupanda, hivyo feni zikae juu zikitoa nje, na matundu ya kuingizia yawe chini. Acha U moja tupu juu ya rekoda na nyingine juu ya swichi. Kioo cha mlango kikizuia hewa, badilisha na wavu.

Karibu na bahari, vichwa vya kebo huota kutu ya kijani. Kila kiungo cha nje kiwe ndani ya boksi lililozibwa, na waya ufanye tumbo chini ya kiungo kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Sisimizi hupenda vifaa vyenye joto, na mijusi hutaga ndani ya inveta. Ziba matundu makubwa kwa wavu laini. Usinyunyizie dawa ya wadudu ndani ya kabati lililo na umeme. Panya wakiwa juu ya dari, kebo ya huko iwe ndani ya bomba.

## Mpangilio wa ndani, juu hadi chini

1. Paneli ya kupokelea nyaya za nyumba, 1U.
2. Kishikio cha nyaya, 1U.
3. Swichi ya PoE, 1U, na nafasi tupu juu yake.
4. Rafu ya modemu na ruta.
5. Rafu ya rekoda.
6. Safu ya soketi, nyuma au chini kabisa.

Ruta ikiwa ndani ya chuma, Wi-Fi yake itadhoofika. Izime Wi-Fi hiyo na utumie kisambazaji cha darini kupitia ule waya wa ziada.

## Diski

Kila kamera ya megabiti 4 hula karibu gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne kwenye diski ya terabaiti 2 ni siku 11. Kwenye terabaiti 4 ni siku 23. Ukirekodi pale tu panapokuwa na mwendo, siku huongezeka. Ninashauri zisipungue 14, kwa sababu wizi mdogo mdogo hugunduliwa baada ya wiki, si siku ileile. Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya mtumba ndiyo chanzo cha "nilikuwa na kamera lakini hazikurekodi".

Saa ya rekoda iwekwe kanda ya GMT+3 na ijirekebishe kupitia intaneti. Ukitoa maelezo polisi, taja saa kama ilivyo kwenye picha: 02:00 ya mashine ni saa nane usiku, na kosa la saa sita katika maelezo huharibu kesi.

## Nywila

Oktoba 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani, ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi tovuti kubwa kama Twitter zikashindwa kufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo wengi hawakujua. Kwa hiyo:

- Badilisha nywila ya rekoda, ya kila kamera na ya ruta. Zisifanane.
- Fundi akimaliza, mwondoe kwenye akaunti. Asibaki na njia ya kuona sebule yako.
- Usimruhusu kufungua milango ya ruta ili uione rekoda ukiwa nje. Tumia programu ya mtengenezaji, na usasishe programu ya rekoda mara mbili kwa mwaka.
- Wageni wawe na Wi-Fi yao tofauti.

Funguo za makabati ya bei nafuu nyingi zinafanana. Badilisha kitasa.

## Jirani na wa nyumbani

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Elekeza kamera kwenye uwanja wako, na dirisha la jirani likiingia kwenye picha, lifunike kwa ile sehemu nyeusi iliyomo kwenye mipangilio. Dada wa kazi na mlinzi waambiwe kamera ziko wapi. Vyumbani mwao isiwepo kabisa.

## Kabla ya kumaliza kumlipa fundi

Kaguzi hizi fanya mwenyewe, fundi akiwepo, na uanze jioni:

- Zima swichi kuu ya nyumba. Rekoda isizime hata sekunde moja.
- Kaa gizani nusu saa. Kamera zote ziendelee kuonekana, taa zake zikiwa zimewaka.
- Tafuta tukio la jana yake na ulinakili kwenye flashi mwenyewe.
- Chomoa waya wa GETI. Kamera inayopotea iwe ya geti.
- Gusa juu ya rekoda baada ya saa nne za kazi. Mkono uvumilie.
- Pokea karatasi yenye mchoro wa nyaya, nywila na tarehe ya betri, kisha iweke mbali na kabati.

Acha mfumo wote ulale kwenye betri usiku mmoja kamili. Salio la malipo ya fundi lisitoke mpaka usiku huo upite.